Nani Atakuwa Rais? Namna ya Kupima Habari za Wagombea



Sasa unajua kusoma. Gazeti likifika sokoni Newala au stendi ya Masasi unaweza kulishika mwenyewe. Unasoma kichwa cha habari bila kumwita mtoto wa shule akusomee. Hilo ni jambo kubwa. Lakini ziko habari ambazo kuzisoma si kazi. Kazi ni kuzipima. Moja ya habari hizo ni ile inayosema nani atakuwa Rais, wakati siku ya kupiga kura bado iko mbali.

Habari za namna hii huanza mapema. Pengine huanza miaka miwili kabla ya uchaguzi. Gazeti moja huandika, "Fulani atajwa urais." Kesho yake gazeti jingine huandika, "Fulani apigiwa chapuo." Baada ya wiki moja tunaambiwa kwamba fulani hana mpinzani. Rudia kuisoma habari hiyo, pole pole, kwa kidole ukipenda. Tafuta jambo moja: ametajwa na nani? Mara nyingi hutaona jina la mtu. Utaona maneno kama "duru za kisiasa", au "vyanzo vya kuaminika", au "wachunguzi wa mambo". Hao ni akina nani? Huenda ni watu watano waliokaa kwenye kahawa mjini. Huenda ni mpambe wa huyo huyo anayetajwa. Mpambe ni mtu anayemtengenezea mkubwa njia, naye hutaka jina la bwana wake lisikike kila siku.

Waandishi wa habari wenyewe wanalo neno "bahasha". Maana yake ni fedha anazopewa mwandishi ili aandike vizuri habari za mtu. Si waandishi wote wanaopokea bahasha. Lakini neno lipo, na neno halikai bure katika lugha.

Tena gazeti ni biashara. Habari ya mbio za urais inauzika. Habari ya bomba la maji lililokauka Kitangari haiuziki sana Dar es Salaam. Kwa hiyo usishangae ukikuta kurasa tatu za watu wanaotajwa, na mistari minne ya maji.

Mtu wa Lupaso

Tuchukue mfano wa nyumbani. Lupaso ni kijiji cha wilaya ya Masasi. Hapo alizaliwa Benjamin William Mkapa mwaka 1938, na hapo alizikwa mwaka 2020. Kabla ya kuwa waziri alikuwa mtu wa magazeti. Alikuwa mhariri wa Uhuru, na baadaye wa Daily News. Kwa hiyo yeye aliijua kazi ya gazeti kutoka ndani.

Mwaka 1995 Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa anamaliza miaka yake kumi. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa Rais tangu vyama vingi virudi mwaka 1992. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1965, mgombea wa urais alikuwa mmoja tu, nasi tulisema Ndiyo au Hapana. Wagombea ubunge wawili walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba. Wazee wetu wanakumbuka. Wakati ule gazeti halikuwa na sababu ya kubashiri nani atakuwa Rais, maana jina lilijulikana.

Basi mwaka 1995 magazeti yalipata kazi mpya. Jina lililovuma kuliko yote lilikuwa la Augustine Mrema. Yeye alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, kisha akatoka CCM na kuingia NCCR-Mageuzi. Kila alikokwenda watu walijaa. Walizima gari lake wakalisukuma kwa mikono yao, kwa mapenzi. Picha za watu wale zilitoka magazetini. Mtu aliyeziona aliweza kusema, kazi imekwisha.

Ndani ya CCM nako yalikuwapo majina. Mwezi wa Julai wajumbe wa mkutano mkuu walikutana Dodoma kuchagua mmoja kati ya watatu: Jakaya Kikwete, Cleopa Msuya na Benjamin Mkapa. Kikwete alikuwa kijana, na alipendwa sana na wajumbe. Kura zilipohesabiwa mara ya kwanza, Kikwete alipata 534, Mkapa 459 na Msuya 336. Angalia hesabu hiyo vizuri. Kikwete aliongoza. Lakini jumla ya kura ni 1,329, na nusu yake ni zaidi kidogo ya 664. Hakuna aliyefika nusu. Basi wakarudia, wawili tu. Sasa Mkapa alipata 686 na Kikwete 639. Aliyekuwa wa pili asubuhi akawa wa kwanza jioni. Wajumbe waliompa Msuya kura zao walitakiwa kuchagua upya, na wengi wao walikwenda kwa Mkapa.

Mwezi wa Oktoba ukaja uchaguzi wenyewe. Kulikuwa na kasoro na malalamiko mengi. Dar es Salaam kura zilifutwa zikapigwa tena Novemba. Mwishowe matokeo yalikuwa hivi: katika kila kura 100, Mkapa alipata karibu 62, Mrema karibu 28, Ibrahim Lipumba 6 na John Cheyo 4.

Je, watu waliosukuma gari la Mrema walikuwa wa uongo? La. Walikuwa watu kweli, na kura 28 katika 100 si kidogo. Lakini picha ya gazeti ilipigwa mahali palipojaa watu. Haikupigwa mahali ambapo watu hawakuja. Halafu mtoto wa miaka kumi na miwili anasukuma gari vizuri sana, ila hapigi kura.

Kura za maoni ni nini?

Hapa tuwe waangalifu, maana neno hili lina maana zaidi ya moja.

Maana ya kwanza unaijua kama wewe ni mwanachama wa chama. Wanachama wanapokutana kuchagua nani asimame kwa jina la chama chao katika udiwani au ubunge, tunasema ni kura za maoni. Hizo ni kura hasa. Zinapigwa, zinahesabiwa, lakini vikao vya juu vya chama vinaweza kumwondoa aliyeongoza.

Maana ya pili ndiyo tunayoizungumza hapa. Watafiti huchagua watu wachache, huwauliza, "Uchaguzi ukifanywa leo utampigia nani?" Halafu huandika majibu na kuyatangaza. Hapo hakuna sanduku la kura, wala hakuna anayechaguliwa. Ni kuuliza tu. Ukisoma "Fulani aongoza kura za maoni", jiulize kwanza ni zipi: za chama, au za kuulizwa?

Watu wachache wanawezaje kusema kwa niaba ya nchi nzima? Mkulima wa korosho anaijua kazi hii. Ukipeleka magunia yako ghala la chama cha ushirika, mpimaji habangui korosho zako zote. Huchota kidogo gunia hili, kidogo gunia lile, akakata korosho hizo na kuzitazama. Kutokana na hizo chache anasema mzigo ni daraja la kwanza au la pili. Akichota vizuri, kutoka juu, kati na chini, na katika magunia mbalimbali, atasema kweli. Akichota juu ya gunia moja tu ulilolichagua wewe, atadanganyika. Kuulizwa maoni ni vivyo hivyo. Jambo kubwa si wingi wa korosho mkononi mwake. Jambo kubwa ni amezichota wapi.

Wamarekani walilijua hili kwa aibu. Mwaka 1936 jarida moja lililoitwa Literary Digest lilituma kadi milioni 10 kwa wananchi. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Kosa lilikuwa wapi? Majina mengi yalichukuliwa katika orodha za wenye simu na wenye magari. Mwaka ule maskini wa Marekani hakuwa na simu wala gari. Tena waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na wasiorudisha. Wakati huo huo mtu mmoja aitwaye George Gallup aliuliza watu wachache zaidi kwa mbali, lakini wa kila aina, naye alimtaja mshindi sawasawa.

Tukirudi kwetu, swali la simu si la Marekani ya zamani tu. Mtafiti akipiga simu kwa watu anaowaona katika orodha yake, mama wa kijiji kilicho bondeni karibu na Ruvuma, asiye na simu, atahesabiwa wapi?

Hesabu za mwaka 2010 na 2015

Kabla ya hesabu, neno moja. Asilimia maana yake ni "katika kila mia". Asilimia 60 ni watu 60 katika kila watu 100.

Mwaka 2010 Rais Kikwete aligombea mara ya pili. Watafiti wa REDET, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitangaza kwamba angepata asilimia 71. Kampuni ya Synovate ilitaja 61. Mpinzani wake mkubwa, Dakta Willibrod Slaa wa CHADEMA, REDET walimpa 12 na Synovate 16. Kura zilipohesabiwa Kikwete alipata karibu 63 na Slaa karibu 27. Unaona? Wote walimtaja mshindi. Lakini kwa Slaa wote walikosea sana. Baadhi ya walioulizwa na Synovate hawakusema watampigia nani. Mtu asiyesema si mtu asiye na kura.

Sasa mwaka 2015. Hapo kelele zilizidi. Kwa muda mrefu magazeti yalimwandika Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu. CCM ilimtaka kila mwombaji wadhamini 450. Yeye alikusanya mamia ya maelfu. Bernard Membe, mtoto wa Lindi, jirani zetu, naye aliandikwa sana. Jina la John Magufuli, Waziri wa Ujenzi, lilikuwa halivumi kama yao. Mwezi wa Julai vikao vya Dodoma vikaanza kuchuja. Lowassa hakuwamo hata katika watano wa kwanza. Membe alikuwamo katika watano, lakini hakuwamo katika watatu. Waliofika mwisho ni Magufuli na akina mama wawili, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Magufuli akashinda.

Jambo hili linafaa kutazamwa kidogo. Watu walioandikwa zaidi gazetini waliondolewa na kikao cha watu wachache ambao hawakuwa na haja ya kusoma gazeti ili waamue. Wananchi tulikuwa tunatazama mbio, kumbe mstari wa kumalizia ulikuwa chumbani.

Lowassa akahamia CHADEMA, akagombea kwa niaba ya vyama vinne vya upinzani. Septemba shirika la Twaweza likatangaza utafiti wake uitwao Sauti za Wananchi. Magufuli 65, Lowassa 25. Wapinzani waliukataa. Wengine walisema umepikwa. Tuupime badala ya kuutukana. Walioulizwa walikuwa karibu 1,850. Waliulizwa kwa simu, lakini Twaweza walikuwa wamezigawa simu hizo wenyewe katika kaya walizozichagua, pamoja na vifaa vya kuchajia kwa jua. Kwa hiyo asiye na simu naye aliweza kuingia. Hilo ni zuri. Upande wa pili, waliulizwa watu wa Tanzania Bara tu, Zanzibar haikuwamo. Na walioulizwa walijibu kabla ya katikati ya Septemba, wakati kura zilipigwa tarehe 25 Oktoba. Wiki saba za kampeni zilikuwa bado.

Matokeo yakawa Magufuli karibu 58 na Lowassa karibu 40. Utafiti wa watu 1,850, hata ukifanywa vizuri, huweza kupungua au kuzidi kwa watu 2 au 3 katika kila 100. Lakini kutoka 25 kwenda 40 ni tofauti ya 15. Basi lilikuwapo jambo jingine. Pengine watu walibadili mawazo. Pengine wako walioogopa kumwambia mgeni wa simu kwamba watapigia upinzani. Hofu hiyo wewe mwenyewe unaijua. Mtu akikupigia simu usiyemjua akakuuliza unampenda nani, utamjibu yote?

Kitu kilichoachwa gazetini

Utafiti ule ule wa mwaka 2015 uliuliza pia watu wana shida gani. Walijibu afya, maji na elimu. Sisi wa nyanda za juu za Makonde tunaijua habari ya maji. Mababu zetu walijenga juu, na maji yako chini bondeni, na mama anashuka na kupanda na ndoo kichwani. Lakini siku ya pili magazeti hayakuandika, "Wananchi wataka maji." Yaliandika 65 na 25.

Hapo ndipo msomaji anapopata hasara, na hasara hiyo ina bei. Mwaka 2018 wakulima wa Mtwara na Lindi walizikataa bei za mnada wa korosho. Novemba Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi lizibebe. Wengi walishangilia. Baadaye wengi walikaa miezi mingi wakingoja malipo. Mtu mmoja aliye Ikulu ndiye aliyeamua jambo lile. Je, mwaka 2015 ni nani aliyekwenda kumwuliza mgombea yeyote, "Wanunuzi wakigoma, utafanya nini, na fedha yangu italipwa lini?" Swali hilo lingefaa ukurasa wa kwanza kuliko habari ya nani ameongeza asilimia mbili.

Kuna hasara nyingine. Mwaka 2010 kila mtu aliambiwa kwamba mshindi anajulikana. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 20. Waliokwenda kupiga kura hawakufika milioni 9, yaani pungufu ya nusu. Sababu zilikuwa nyingi, na sisemi kwamba zote ni kura za maoni. Lakini mtu akishaamini kwamba shughuli imekwisha, siku ile huenda shambani. Tena siku hiyo hiyo anapigiwa kura diwani, ambaye magazeti ya Dar es Salaam hayamjui, na ambaye ndiye mwenye kuulizwa habari ya barabara ya Lulindi.

Wako wanaosema dawa ni kupiga marufuku tafiti hizi. Mimi sikubali. Julai 2018 Twaweza walitangaza kwamba waliomkubali Rais Magufuli kwa kazi yake walikuwa 55 katika 100, wakati mwaka uliotangulia walikuwa 71. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliwaandikia ikitaka maelezo kuhusu kibali, na mkuu wa shirika lile alinyang'anywa pasipoti. Mpimaji akiogopa kusema mzigo ni daraja la pili, bei ya soko haitabadilika kwa sababu ya ukimya wake.

Na iko miaka ambayo hakuna cha kupima. Mwaka 2025 mkutano mkuu wa CCM ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan mapema, mwezi wa Januari, bila mpinzani ndani ya chama, na CHADEMA haikuwamo katika karatasi ya kura. Ukiulizwa unampenda nani, nawe unayemtaka hayumo, jibu lako linaandikwa wapi?

Kazi ya darasa

Mwanakisomo mmoja alete gazeti lolote, hata kuukuu, lenye habari ya mtu anayetajwa kugombea. Someni kwa zamu. Pigeni mstari chini ya kila jina la mtu aliyesema jambo, na mduara kwenye kila "inasemekana". Hesabuni mistari na miduara.

Ikiwa habari inataja kura za maoni, tafuteni ndani yake: waliulizwa watu wangapi, wa mikoa ipi, tarehe gani, kwa simu au uso kwa uso, na nani aliyelipa gharama. Andikeni ubaoni yale mliyoyakosa.

Halafu fanyeni hesabu hii. Katika kijiji wameulizwa watu 40. Watu 18 wamesema watampigia Bibi A, watu 12 wamesema Bwana B, na 10 wamekataa kujibu. Bibi A ana asilimia ngapi ya wote walioulizwa? Kama wale 10 wote watampigia Bwana B, nani atashinda, na kwa kura ngapi?